Baba Amesogea Tena

Hifadhidata ya kliniki ya macho ilisimama kwa mara ya saba siku ya Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, na mimi nilikuwa chooni. Nalitaja hilo la choo kwa sababu meneja alilitaja mbele ya watu, eti mfumo unaanguka na fundi hajulikani aliko. Watu wazima tunaenda chooni. Nilisikia sauti ya foleni imebadilika, ule mguno wa watu sitini walioambiwa jambo moja kwa pamoja, nikajua. Nilitoka mikono imelowa, nikapita katikati ya wagonjwa waliofungwa pamba jichoni, na kila mwenye jicho zima alinitazama.

"Mfumo uko chini," dada yangu alikuwa anawatangazia pale mapokezi. "Tuvumiliane jamani. Fundi huyo, amekuja."

Dada ndiye karani wa mapokezi. Yeye ni wa kwanza, mimi ni kitindamimba, na katikati yetu hakuna mtu. Kazi ya kutunza mitambo ya kliniki niliipata kwa yeye kunisemea, miaka minne iliyopita, na sikuwahi kumfanya anisemee kwa hasara. Mpaka wiki tatu zile.

Chumba cha seva zamani kilikuwa stoo ya mafagio, na bado kinanuka sabuni. Ndani kuna mashine moja, feni moja na kiti kisicho na mgongo. Kwenye mashine hiyo ndimo ilimo tovuti wanayofungua wagonjwa kuangalia tarehe zao, ila tovuti ni sura tu. Tumbo lake ni hifadhidata: nani anaumwa nini, daktari gani, upasuaji lini. Tumbo likigoma, sura inabaki kuandika, "Imeshindikana kuunganisha, jaribu baadaye," na watu wanakuja kunitukana mimi.

Nilikuwa nimejaribu kila ninachokijua na vingine nisivyovijua. Kwanza nilishuku memori, kwamba programu nyingine zinaila yote, na mashine ikizidiwa huwa inachagua programu moja ya kuiua. Nikaongeza memori. Ikasimama. Nikashuku diski imejaa, na kweli nikakuta logi, yale mafaili mashine inamoandika kila inachofanya, zimerundikana tangu enzi na enzi. Nikazifuta zote, nikaweka na amri ya kuzifuta kila baada ya saa moja zisijae tena. Ikasimama. Nikakagua majedwali moja moja kama kuna lililoharibika, nikabadilisha betri ya akiba, nikabadilisha waya wa umeme, nikabadilisha hadi feni. Siku moja nilikaa nayo tangu asubuhi tunatazamana tu, haikufanya lolote. Nikatoka kwenda kunywa chai, ikasimama kabla sijakoroga sukari.

Niliiwasha. Kuiwasha kulikuwa rahisi, na hilo ndilo lililokuwa linanitia wazimu. Ukiiamuru iwake inawaka, nzima, haina hata mkwaruzo, utadhani ni wewe unayesingizia.

Meneja aliniletea miguu yake mpaka mlangoni. Tunamwita Bwana Maelezo, kwa sababu hana neno lingine. Ukichelewa, naomba maelezo. Paa likivuja, naomba maelezo. Mke wake alipojifungua mapacha tulisema chinichini kwamba alimwomba mkunga maelezo.

"Fundi, wiki iliyopita nilisema nini?"

"Ulisema isisimame tena, bosi."

"Imesimama. Ijumaa saa sita mchana nataka maelezo ya maandishi, kitu gani kinaisimamisha, na ushahidi wake. Huna, uniachie ufunguo wa chumba hiki mezani. Kuna kampuni imeshakuja mara mbili kuiomba kazi hii."

Akaondoka. Mimi nikakaa kwenye kile kiti kisicho na mgongo, nikajiona namwaga unga mchana kweupe, kwa kosa ambalo hata jina lake silijui.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanipa moyo wakati ule, nacho kilikuwa safari ya baba. Baba ni seremala. Jicho la kushoto lilitolewa na kipande cha mbao kabla mimi sijazaliwa, na sasa lile la kulia, ambalo ndilo pekee alilobaki nalo, limeingia mtoto wa jicho. Anaona mwanga na vivuli. Anamimina chai nje ya kikombe. Alikuwa na msumeno ambao hakuna mtu aliyeruhusiwa kuugusa, na mwezi ule alimpa jirani. Daktari alisema hilo linatolewa vizuri tu, halina haraka, ila foleni ni ndefu, akampa tarehe ya miezi minne mbele. Baba aliitikia, akarudi nyumbani akawa hasemi.

Halafu mambo yakaanza kunyooka. Dada ananipigia simu jioni: "Baba amesogea tena. Kuna mtu ameahirisha." Baada ya siku mbili tatu: "Baba amesogea tena." Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na dada, maana kwangu mimi kila kitu kilikuwa kinakwenda mrama na nilihitaji habari njema hata moja. Kufika Jumanne hiyo baba alikuwa amebakiza wiki mbili na siku mbili.

Saa tano dada aliingiza kichwa chumbani kwangu. Watu walikuwa wamepungua, naye alikuwa amemaliza kuingiza kwenye mfumo zile fomu za karatasi zinazojazwa wakati umezimika.

"Bwana Maelezo amekula kichwa chako?"

"Amekitafuna. Amenipa mpaka Ijumaa."

"Pole, mdogo wangu." Akaingia, akafunga mlango. "Basi nikupoze moyo. Baba amesogea tena. Ni keshokutwa."

Nilisimama nikamkumbatia. Nilimkumbatia kwa mikono yote miwili, nikamwambia sijui tungekuwaje bila yeye, na machozi yalinilenga. Katika yote yaliyotokea siku ile, hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Hata nusu saa haikupita, akaja kwangu mama mmoja mshonaji wa sare za shule. Futi ya kupimia bado ilikuwa inaning'inia shingoni, inaonekana alitoka kazini mbio. Alikuwa amekuja kufanyiwa vipimo vya mwisho kabla ya upasuaji wa Alhamisi, na kufika mapokezi akaambiwa tarehe yake si Alhamisi hii tena, ni Alhamisi ya wiki mbili mbele. Alipouliza kwa nini, akaambiwa mfumo ulizimika, aongee na fundi.

"Tusamehe, mama," nikamwambia. "Ni mfumo. Umetusumbua sana siku hizi." Sentensi hiyo nilishaisema mara nyingi kiasi kwamba mdomo ulikuwa unaisema wenyewe.

"Sawa, mwanangu. Sikuja kugombana." Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, maana kiti ni kimoja. "Ila daktari aliniambia hili jicho lina presha, lisivuke wiki hii. Sasa hivi sindano naitunga kwa kupapasa." Akafikiri kidogo. "Hebu nieleweshe, mimi mambo haya sikuyasoma. Huo mfumo ukizimika, ndiyo unafanyaje, unawatafutia watu tarehe nyingine?"

Nilikuwa nimeshaanza kusema ndiyo, nikageukia mashine.

Kwa sababu hautafuti. Hifadhidata ikianguka inaweza kupoteza kilichokuwa kinaandikwa sekunde ile. Inaweza kuharibu jedwali, inaweza kukataa kuwaka. Haiwezi kumpa mtu tarehe mpya, Alhamisi kama ile, saa ileile, daktari yuleyule, wiki mbili kamili mbele. Tarehe inabadilishwa na mtu mwenye vidole. Na mimi wiki tatu nzima nilikuwa nakagua feni.

"Mama, niandikie namba yako ya simu," nikamwambia. "Halafu usiende mbali nayo."

Alipotoka nilifungua logi. Zile nilizokuwa nafuta kila saa sikuzifuta tena tangu Jumatatu, kwa sababu Bwana Maelezo alikuwa ameshaanza wimbo wake wa ushahidi. Yaani kwa wiki tatu, kila saa, nilikuwa napiga ufagio juu ya nyayo za mwizi, tena kwa bidii. Sasa nyayo za asubuhi zilikuwepo. Nikasoma taratibu, mstari kwa mstari.

Programu inayouawa kwa kukosa memori haipati nafasi ya kuandika chochote, inakatika tu. Hii ilikuwa imeandika. Saa nne na dakika ishirini: limepokelewa agizo la kuzima, huduma imefungwa salama, huduma inawashwa. Sekunde mbili baadaye, tena: limepokelewa agizo la kuzima. Tena. Tena. Tena. Na baada ya mara ya tano, mashine yenyewe ikaandika kwamba huduma imewashwa na kuzimwa mara nyingi mno kwa muda mfupi, haitawashwa tena mpaka msimamizi aingie. Hifadhidata haikuwahi kuanguka hata siku moja. Iliambiwa izimike, ikatii.

Na agizo la namna hiyo lina mlango mmoja tu, na mlango huo niliutoboa mimi. Mwaka jana nililazwa siku kumi na mbili, na ili kliniki isikwame nikatengeneza ukurasa uliofichwa wenye kitufe kimoja: unakibonyeza, hifadhidata inazima na kuwaka upya. Bwana Maelezo sikumwambia, angeunda kamati. Nilimwambia mtu mmoja tu. Nilimwonyesha kwenye simu nikiwa kitandani na dripu mkononi, nikamtania, "Bonyeza mara moja basi. Ukibonyeza mara tano mfululizo kama mtoto na kengele ya mlango, itasusa, na mimi ndiyo nakufa huku." Tulicheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha.

Nikaangalia agizo limetoka kompyuta ipi. Ya mapokezi. Mara zote tano.

Hata hapo bado nilikuwa nasema labda amekosea. Labda alitaka kusaidia, mtandao ukawa mzito, akabonyeza mara nyingi. Moyo unatafuta pa kushika. Nikafungua historia ya tarehe za upasuaji, mahali ambapo mfumo unaweka kumbukumbu ya kila badiliko, na nikatafuta jina la baba.

Inabidi nieleze hizi fomu za karatasi, ndizo zilizobeba mzigo wote. Mfumo ukiwa hai, tarehe ya mgonjwa haisogei bila sahihi ya daktari. Ukiwa umezimika daktari haoni orodha, kwa hiyo kliniki iliweka utaratibu wa dharura: karani anajaza fomu, anaruhusiwa kumsogeza mgonjwa mbele au nyuma, mwisho wiki mbili, na mfumo ukirudi anaingiza. Hiyo wiki mbili niliiandika mimi kwenye programu, ili mtu asije akaruka foleni kwa mkupuo. Basi dada hakuruka kwa mkupuo. Mfumo ulizimika mara saba, na kila ulipozimika baba alisogea wiki mbili kuja huku, na mtu mmoja akasogezwa wiki mbili kwenda kule. Saba mara mbili, kumi na nne. Ndiyo maana ilikuwa haikomi kusimama. Isingekoma mpaka baba afike.

Wale saba walikuwa hapo mbele yangu. Dereva wa lori. Mwalimu mstaafu. Mtoto wa miaka sita. Mkulima. Wanawake wawili mtu na shoga yake, walioomba wafanyiwe mwezi mmoja ili wasindikizane. Na yule mama mshonaji. Kwake palikuwa na alama nyekundu ya daktari: presha ya jicho, asicheleweshwe. Mtu akigusa tarehe yenye alama hiyo, mfumo unauliza kama ana uhakika. Historia ilionyesha uliuliza. Ilionyesha na jibu.

Nilienda mapokezi, nikamwambia karani msaidizi akae, nikamwita dada chumbani. Alinifuata anatabasamu. Alipoona kilichokuwa kwenye skrini tabasamu likaisha, na hakujisumbua kuuliza ni nini.

"Nilidhani utajua mapema," akasema. "Wewe una akili."

"Nilikuwa sikutafuti wewe, dada. Nilikuwa natafuta ugonjwa."

Akakaa kwenye ndoo. Mimi nilibaki nimesimama, nisingeweza kukaa.

"Ni wiki mbili tu kila mmoja," akasema. "Nilihesabu vizuri. Sikumwonea mtu mmoja wiki kumi na nne, niliwagawia. Nani ameumia?"

"Yule mama jicho lake lina presha. Mfumo ulikuuliza, ukabonyeza ndiyo."

"Na baba ana jicho moja. Moja. Wewe unakuja Jumapili, unakula, unaondoka. Mimi ndiye ninayemwona asubuhi anapapasa ukuta kutafuta mlango wa choo. Juzi alinililia. Umewahi kumwona baba analia?"

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi ninayeomba msamaha kwa watu wiki tatu. Ninayetukanwa. Ninayefukuzwa Ijumaa. Ulikuwa unakaa pale unabonyeza, unajua nakimbilia chumba hiki jasho linanitoka, halafu jioni unanipigia simu unaniambia baba amesogea, na mimi nasema asante. Asubuhi hii nimekukumbatia, dada."

Alitazama sakafu. "Nilikuwa nakusemea kwa meneja. Kila mara."

"Ulikuwa unanitoa kafara, halafu unanisemea."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi," akasema, kana kwamba tumemaliza. Halafu akaanza kulia, bila kelele, anajifuta kwa mgongo wa mkono. "Baba hajui kitu. Nakuapia. Anajua watu wameahirisha tu. Akijua atakufa kwa aibu. Nakuomba kitu kimoja, mdogo wangu, acha Alhamisi ipite. Akitolewa tu kile kitu, Ijumaa asubuhi naenda mwenyewe kwa meneja, nasema ni mimi, wanifanye wanavyotaka. Wewe kazi yako inabaki."

Nitasema ukweli, kwa sababu sina sababu ya kujisafisha: nilitaka kukubali. Hasira nilikuwa nayo kwake, na bado ninayo, lakini baba alikuwa hana hatia. Mzee amekaa nyumbani na jicho moja, anaambiwa amesogea, anashukuru. Nilianza kupiga hesabu, kama yule mama angeweza kuwekwa Ijumaa, kama daktari angekubali kuongeza mtu mmoja. Nilikuwa nimeshaingia kwenye njama yao na sijui.

Saa saba ilikuwa inakaribia. Kila siku saa saba dada hukimbia nyumbani, dakika kumi kwa miguu, kumtia baba dawa ya jicho. Siku ile foleni ilikuwa imefika nje na macho yake yamevimba.

"Lete ufunguo," nikamwambia. "Naenda mimi."

Alisita kidogo kabla ya kuutoa. "Usimwambie kitu."

Nilifungua mlango kwa ufunguo wa dada, kwa saa ya dada. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguu ameinyoosha juani. Kwenye meza chupa ya dawa imewekwa tayari juu ya kitambaa. Sikusalimia. Nilijua nikitoa neno nitalia, na sikutaka mzee aulize.

"Leo umechelewa, Mkubwa," akasema. Hivyo ndivyo anavyomwita dada.

Nikaguna. Akaegemeza kichwa nyuma, akavuta kope mwenyewe kwa kidole, nikadondosha tone la kwanza. Akafumba. Dawa yenyewe ni matone mawili, na kati yake unangoja dakika tano, jicho limefungwa. Nikasimama nyuma ya kiti nikiwa nimeishika ile chupa.

"Vipi, imefika?" akauliza. "Ni keshokutwa kweli?"

Nikaguna tena.

"Umefanya kazi, mama." Akatabasamu na jicho limefumbwa. "Na mdogo wako? Bado hajashtuka?"

Aliendelea vizuri tu, sauti ya mtu anayepanga mambo ya nyumbani.

"Nilikwambia usimwambie, si unaona. Yule angetuletea habari za foleni, nani kaanza, nani kafuata. Kichwa kigumu tangu mdogo. Wakimfukuza asikuumize roho. Ana ufundi mkononi, atapata kwingine, mwezi haupiti. Jicho silipati kwingine. Mimi nimelipima hilo, Mkubwa. Nililipima kabla sijakutuma."

Nje kulikuwa na mtu anapiga nyundo kwenye bati, na baba aligeuza sikio kidogo, kama afanyavyo akisikia kazi ya mikono. Mimi nilikuwa natazama utosi wake. Mtu huyu alinifundisha kushika bisibisi. Niliwahi kumsikia akimwambia fundi mwenzake kwamba mtoto wake wa mwisho ndiye aliyerithi mikono yake, na maneno hayo ndiyo yaliyonikuza. Kumbe hiyo mikono ndiyo iliyomfanya anihesabu kuwa mimi nitajijua.

"Amegundua, baba," nikasema.

Hakushtuka kwa mwili. Jicho hakulifumbua, kwa sababu dawa inatakiwa itulie. Ni mikono tu, ilikuwa imelala mapajani, ikashikana.

Tulikaa hivyo mpaka dakika tano zikatimia. Nilifikiri atasema nisamehe. Nilikuwa namngojea aseme, na naapa angesema, sijui ningefanya nini, pengine ningemwachia hata Alhamisi yenyewe. Nikamwinamia, nikamfungua kope kwa kidole gumba, nikadondosha tone la pili. Likamwagikia shavuni, nikalifuta kwa kitambaa.

"Nisitiri mpaka keshokutwa," akasema. "Baada ya hapo useme nami unavyotaka."

Niliweka chupa mezani na ufunguo kando yake, nikatoka.

Saa nane kasoro nilikuwa kwenye kiti changu. Kwanza nilikiua kile kitufe, ukurasa wenyewe na njia yake yote. Kisha nikampigia daktari wa upasuaji, nikamweleza, akasema majina machache ya Mungu na ya wanyama, halafu akaingia kwenye mfumo kuweka sahihi. Tulirudisha mmoja mmoja, tukianzia wa mwisho. Mshonaji, Alhamisi hii. Shoga wawili. Mkulima. Mtoto wa miaka sita. Mwalimu. Dereva. Na kila mmoja alipopiga hatua ya kurudi kwake, baba alirudi nyuma wiki mbili, mpaka akafika mwisho pale alipowekwa tangu mwanzo. Daktari aliuliza kama nataka aangalie upya faili la jicho la mzee, labda kuna sababu ya haki ya kumwahisha. Nikasema aangalie kama anavyoangalia wengine. Aliangalia. Akasema jicho linaweza kungoja.

Maelezo ya maandishi hayakuchukua hata ukurasa. Niliandika kinachoisimamisha hifadhidata ni kitufe, kwamba nilikiweka mimi bila ruhusa ya mtu, kwamba anayekibonyeza ni karani wa mapokezi ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, na kwamba aliyefaidika ni baba yetu. Ya kwamba baba ndiye aliyemtuma, hilo nililifuta mara mbili na kuliandika mara tatu. Mwisho nikaliacha libaki. Nikaambatanisha logi, nikatuma kabla moyo haujabadilika. Kupitia ukutani nilimsikia dada akiita namba inayofuata, sauti yake ileile ya kila siku.

Halafu nikampigia yule mama mshonaji. Nilisikia cherehani inasimama.

"Mama, ni fundi wa kliniki. Nafasi yako ya Alhamisi imerudi. Saa mbili asubuhi. Vipimo njoo leo hii kabla hawajafunga."

Nikamsikia anamwambia mtu kando, "Wamenirudishia." Kisha akarudi kwangu.

"Mwanangu, sikutegemea. Nilishajua ndiyo basi. Umehangaika kwa ajili yangu na wala hunijui." Akaongeza, "Mungu akutunzie wazazi wako. Akupe kuwaona wanazeeka vizuri. Walikulea, hao."

Niliziba simu kwa kiganja dada alipoita namba nyingine, nikaizibua.

"Amina, mama," nikasema. "Alhamisi usile kitu asubuhi."